Gita ndani ya gereza

Diski nyingi zinatengenezwa katika studio nzuri. Diski moja ya B.B. King, mwimbaji mkubwa wa blues, ilitoka ndani ya gereza.

Alizaliwa mwaka 1925 kule Mississippi, Marekani. Mama yake alikufa yeye angali mtoto, naye akavuna pamba. Mhubiri mmoja ndiye aliyemwonyesha gita.

Tarehe 10 Septemba 1970 aliingia gereza la Cook County, Chicago. Mkubwa wa gereza, Winston Moore, ndiye alimwita. Wafungwa walipita 2.000, wengi vijana weusi, na wengi walikuwa hawajahukumiwa. Walingojea tu siku yao. Mwanzo wa diski unasikia jina la mkubwa wa polisi linatajwa, na wafungwa wanazomea. Halafu gita inalia, na watu wale wale wanapiga makofi.

King hakuwasahau. Alirudia kuimbia wafungwa bure, magereza mengi, miaka mingi. Wazee wetu wengine walimwona Kinshasa mwaka 1974. Alikufa mwaka 2015.

Sasa tuulizane: yule kijana wa kampi yetu aliyefungwa, mwezi huu nani alienda kumwona?