Saa ya tuisheni inagharimu kiasi gani?

Rupia 1,000 kwa mwezi, kama dola 15 hivi za wakati ule: ndiyo gharama halisi ya kumhudumia mtoto mmoja katika vituo vya tuisheni vya Mindspark mjini Delhi, India, mwaka 2015. Shule za serikali zilikuwa zikitumia takriban rupia 1,500 kwa mwezi kwa kila mwanafunzi. Yaani dakika 90 kwa siku nje ya saa za shule zilikula fedha sawa na theluthi mbili ya zile zilizoendesha shule kutwa nzima. Je, zilistahili?

Tunaweza kujibu kwa sababu watafiti Karthik Muralidharan, Abhijeet Singh na Alejandro Ganimian waligawa nafasi kwa kura. Wanafunzi 619 waliomba. Nusu hivi wakapata bure, waliobaki wakakosa. Walifanya mtihani mmoja Septemba 2015, na wengi wao wakafanya mwingine Februari 2016. Bila kura, hesabu ingepotosha. Mtoto anayepelekwa tuisheni mara nyingi ana mzazi anayekagua madaftari, na huenda alama zake zingepanda hata kama kituo kisingekuwapo. Hapa pande zote mbili zilikuwa na wazazi waliojitokeza kuomba, kwa hiyo tofauti iliyobaki ni ya tuisheni yenyewe.

Kwanza mahudhurio. Mpango ulidumu miezi minne na nusu. Waliopata nafasi walifika asilimia 58 tu ya siku, yaani kama siku 50 kati ya 86. Kodi ya chumba na mshahara wa msimamizi havipungui mtoto asipotokea. Miezi minne na nusu ni rupia 4,500. Gawa kwa siku 86, kila siku ni rupia 52. Gawa kwa siku 50 alizohudhuria kweli, inakuwa rupia 90, au rupia 60 kwa saa. Utoro pekee umepandisha bei kwa zaidi ya asilimia 70, na gharama ya mwezi haijaguswa.

Pili, faida. Waliopewa nafasi waliwazidi wenzao kwa mchepuko sanifu 0.37 katika hisabati na 0.23 katika Kihindi. Kwa lugha nyepesi, panga watoto 100 kwa alama za hisabati: aliyekuwa wa katikati anawapita wengine 14 hivi. Kwa hisabati, maendeleo yao yalikuwa zaidi ya mara mbili ya yale ya waliokosa kura. Kwa muda mfupi kiasi hicho, hayo ni matokeo makubwa.

Ila ukiangalia mtihani wa hisabati wa shuleni kwao, faida hiyo haionekani. Sababu iko kwenye pengo la darasani. Mtoto wa kawaida wa darasa la sita katika kundi hilo alikuwa nyuma kwa madarasa mawili na nusu katika hisabati. Programu ya kompyuta ya Mindspark ilimpima, ikamrudisha pale alipokwama, ikamfundisha kuanzia hapo kwa dakika 45. Dakika 45 nyingine alikaa na msimamizi katika kundi la watoto 12 hadi 15. Akapanda kutoka ngazi ya darasa la tatu kuelekea la nne, huku shule ikimuuliza maswali ya la sita. Mwenye kutathmini kwa ripoti ya muhula peke yake angeufunga mpango uliokuwa unafanya kazi.

Tatu, ukubwa. Programu ikishaandikwa, mtoto wa elfu kumi haiongezei gharama kubwa. Kinachopanda ni vyumba, kompyuta na wasimamizi. Lakini kupanuka hakuleti watoto mlangoni. Marekani iliongeza bajeti ya vituo vyake vya baada ya masomo, 21st Century Community Learning Centers, kutoka dola milioni 40 mwaka 1998 hadi bilioni moja mwaka 2002. Tathmini ya taifa ilipotoka, wanafunzi wa shule za kati walionekana kuhudhuria kama siku moja kwa wiki, na alama zao kwa jumla hazikuwa zimepanda. Serikali ikapendekeza kukata bajeti hiyo hadi dola milioni 600.

Kwa hiyo mfadhili au kamati ya shule ikiletewa ripoti inayojivunia idadi ya walioandikishwa, iombe daftari la mahudhurio na igawe gharama yote kwa saa zilizofundishwa kweli. Kisha iulize watoto walipimwa kwa maswali ya ngazi gani, na wanalinganishwa na nani. Ripoti isiyo na majibu hayo inaonyesha fedha zimetumika. Haionyeshi mtoto amejifunza.