Mafuta Yapi? Istilahi za Msumeno wa Moto

Mfasiri akiandika kwamba msumeno wa moto unaofuka moshi baada ya kazi nzito "uongezwe mafuta", mpasua mbao wa Gombani, Pemba, aelewe nini? Neno hilo hubeba petroli, oili inayochanganywa nayo, na oili ya kulainisha mnyororo. Moshi ukitoka penye mnyororo, huenda mnyororo umekauka, umekazwa mno, au meno yake ni butu. Ukitoka katika bomba la moshi, huenda oili imezidi katika petroli. Petroli ikimwagikia injini yenye joto yaweza kulipuka moto. Hivyo twapendekeza mfasiri ataje kwanza mahali moshi utokapo, kisha aandike petroli, oili ya mchanganyiko au oili ya mnyororo. Kamwe asiandike mafuta pekee.