Wyoming: Urefu Uliozishinda Mbao

Mnamo tarehe 15 Desemba 1909, mjini Bath katika jimbo la Maine, Marekani, skuna yenye milingoti sita ilishushwa majini kwenye mto Kennebec. Iliitwa Wyoming, jina la jimbo lisilopakana na bahari yoyote, kwa kuwa gavana wa huko, Bryant Brooks, alikuwa miongoni mwa waliotia fedha zao katika chombo hicho. Ukihesabu miti iliyochomoza mbele na nyuma, urefu wake ulifika karibu mita 137.

Meli za chuma zilikuwa zimeshatanda baharini. Nani basi aliyekuwa bado anawekeza kwenye matanga? Wenye makaa ya mawe. Makaa hayaozi, na viwanda vya New England viliyahitaji kwa wingi kutoka Virginia. Wyoming ilibeba tani 6,000 kwa safari moja, upepo ulikuwa wa bure, na mabaharia hawakuzidi kumi na wanne. Watu hao wasingeweza kutweka matanga mazito kiasi kile kwa mikono, hivyo injini ndogo ya mvuke ndiyo iliyovuta kamba.

Kiwanda cha Percy & Small, kilichoanza mwaka 1894, ndicho kilichobobea katika skuna za aina hii, Wyoming ikiwamo. Katika skuna tisa za mbao zenye milingoti sita zilizoundwa Maine, saba zilitoka hapo. Ya kwanza, Eleanor A. Percy, ilikuwa na mwenzake mmoja tu duniani, George W. Wells ya mji wa Camden. Bahari yote ile, na bado mwaka 1901 hao wawili waligongana!

Tatizo lilikuwa urefu. Mbao, hata za msonobari mgumu wa kusini, hupinda mawimbi yanapoinua katikati ya chombo na kuacha ncha zikining'inia. Mafundi waliyafunga mataruma ya Wyoming kwa vyuma bapa vilivyopishana, lakini mbao ziliendelea kucheza, kalafati ikaachia na maji yakaingia. Pampu hazikupata mapumziko.

Machi 1924, ikielekea Kanada na shehena ya makaa, ilikumbwa na dhoruba karibu na Chatham, Massachusetts. Ilitia nanga jirani na Cora F. Cressy, skuna ya milingoti mitano ya kiwanda kilekile. Nahodha wa Cressy aliamua kung'oa nanga na kukimbilia bahari kuu, akanusurika. Wyoming ilibaki palepale, ikazama na wote waliokuwamo. Mabaki yake yalipatikana mwaka 2003.

Percy & Small walikwisha kuacha kuunda vyombo mwaka 1920. Majengo yao leo ni sehemu ya Makumbusho ya Bahari ya Maine, na uwanjani umesimamishwa mfano wa Wyoming wenye ukubwa wake halisi. Umeundwa kwa chuma.