Mawe ya Figo: Maji Ndiyo Kinga

Ndugu msomaji, wewe ushindaye karakanani kwenye joto bila kunywa maji, je, mkojo wako una rangi gani? Ukiwa wa manjano iliyokoza, jihadhari. Mkojo ukipungua, chumvichumvi zilizomo hugandamana zikawa mawe ndani ya figo.

Jiwe likishuka, maumivu makali hutoka ubavuni hadi kinenani, pengine na damu katika mkojo. Lisilozidi milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe. Kubwa huenda likavunjwa hospitalini. Lakini maumivu yakiandamana na homa, usingoje kupambazuke: figo imo hatarini, nenda hospitali.

Kama daktari hajakukataza, kunywa maji hata upate lita 2.5 za mkojo kwa siku. Punguza chumvi, wala usiache maziwa kwa kudhani ndiyo yaletayo mawe.