Safari ya Kasigau: Funga Dawa Kabla ya Nguo



Ukiwa Voi mjini, duka la dawa liko karibu na hospitali ya Moi iko hapo hapo. Lakini ukiacha barabara kuu ya Mombasa pale Maungu kuelekea Kasigau, unapita nyika na ranchi. Magari ni machache, na likiharibika moja unaweza kungoja juani saa nyingi. Matayarisho ni ya nyumbani.

Kwanza, dawa. Kama unatumia dawa za presha, kisukari, pumu au ARV, beba za siku zote za safari, na za siku 3 au 4 zaidi. Ziweke pamoja na kadi ya kliniki katika mkoba wa mkononi, si katika mzigo wa juu ya gari.

Pili, maji. Beba maji safi ya kunywa na paketi za ORS. Mtoto akiharisha, changanya kama paketi inavyoelekeza, umpe kidogo kidogo. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Tatu, nyoka. Akimuuma mtu, usichanje wala kunyonya jeraha, na usifunge kamba. Mvue pete na viatu, asitembee, na apelekwe hospitali mara moja. Ndiyo sababu, kabla ya kuondoka, uandike namba ya simu ya mwenye gari kule uendako.

Msikilizaji, porini hakuna duka la dawa. Safari njema.