Kufuli la databesi: usilipime na programu moja, utaumbuka kama mimi

Niko Soweto, Moshi. Leo naongelea aibu iliyonikuta mwenyewe, ili wewe unayejifunza kuandika programu isikukute.

Mwenye duka moja la vifaa vya ujenzi alinipa kazi ya programu ya kuhesabu mali. Mimi ni wa form four tu, kompyuta nimejifundisha mwenyewe, kwa hiyo nilifurahi sana. Zikawa programu mbili kwenye kompyuta moja: moja ya kaunta, nyingine inapokea oda za meseji. Zote zinatumia databesi moja ya SQLite.

Basi bwana, haikupita wiki, mfuko wa mwisho wa saruji ukauzwa kwa watu wawili. Programu ya kaunta ilisoma "umebaki 1", na ya meseji ikasoma "umebaki 1" kabla mwenzake hajaandika 0. Bosi akamrudishia mteja wa pili hela yake, mimi nikakatwa kwenye malipo.

Na kufuli nilikuwa nimeweka! Tena nililipima likafaulu. Kumbe nililipima ndani ya programu moja tu, na kufuli lenyewe lilikaa kwenye memori ya programu hiyo. Programu ya pili ina memori yake na kufuli lake. Watu wa huku mlimani mnajua maji ya mfongo ni ya zamu. Sasa mimi nilipanga zamu na ndugu zangu wa nyumbani, jirani wala hana habari. Lazima maji yagombaniwe.

Ndiyo maana kufuli la databesi linapimwa kwa prosesi mbili tofauti. Mimi sasa nafanya hivi:

1. Kuhesabu. Weka namba 0 kwenye databesi. Fungua madirisha mawili, anzisha programu ya majaribio kwenye kila moja: isome namba, iongeze 1, iandike, mara 1000. Mwisho lazima upate 2000. Ikipungua hata 1, kufuli ni bovu. Weka kausingizi kadogo kati ya kusoma na kuandika, maana bila hivyo hata kufuli bovu linaweza kufaulu kwa bahati.

2. Kuua. Prosesi ikiwa imeshika kufuli, iue kwa kill -9. Kama ni kufuli la faili la Linux, mfumo wenyewe unaliachia. Ila kama kufuli lako ni kuunda kafaili ka alama tu, kanabaki hapo na wenzake watasubiri mpaka kiama.

3. Kukatana. Moja ishike A halafu itake B, nyingine ishike B halafu itake A. PostgreSQL kwa kawaida husubiri sekunde 1 ndipo inachunguza, kisha inaikatisha moja. Ya kwako je?

Kuna mtego mwingine. Kufuli za faili za POSIX ni mali ya prosesi nzima. Kazi mbili ndani ya programu moja zote zitapita bila kuzuiana. Na programu ikifungua faili lilelile mara ya pili kisha ikalifunga, kufuli lote linaachiwa kimyakimya!

Wakubwa nao hawaamini hivihivi. SQLite wana programu ya majaribio, mptest, inayotumia prosesi kadhaa kwa pamoja. PostgreSQL wana isolationtester: inafungua miunganisho kadhaa, kila mmoja ni prosesi yake, na inaweza kujaribu hatua kwa kila mpangilio unaowezekana.

Mwisho nilitupa kufuli langu, nikatumia BEGIN IMMEDIATE ya SQLite, inayochukua ruhusa ya kuandika kabla hujasoma. Madirisha mawili, jibu 2000. Nikarudia usiku mzima, 2000. Ndipo nikarudi kwa bosi.

Wenye ujuzi zaidi nikosoeni hapo chini kwenye maoni. Naomba kuwasilisha.