Kabla ya Kumlaumu Buibui

Kwenye makambi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu Mwakitolyo, Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, uvimbe unaoonekana asubuhi hupata jina kabla hata ya chai. Mkono unawaka, kiuno kimetoka malengelenge, au mguu umejaa mpaka gambuti haliingii, na walio karibu wanakubaliana haraka: huyo ni buibui. Mazingira yenyewe yanawapa sababu ya kuamini hivyo. Watu wanalala kwenye vibanda vya miti, turubai na viroba, wengine chini kabisa kwenye udongo. Nje kuna malundo ya mawe na magogo yanayosubiri kushushwa kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, kuwa matimba, na taa zinawaka usiku kucha pale karasha linaposaga mawe.

Mara nyingi, hata hivyo, buibui hahusiki. Na kosa hilo lina gharama, kwa sababu mgonjwa aliyeambiwa ni buibui hutulia kusubiri sumu iishe, wakati kilichomo mwilini mwake kinaweza kuwa jipu linalotambaa, kimeta, homa ya papasi au sumu ya nyoka. Kila kimoja kati ya hivyo kina tiba yake, na vyote huzidi kuwa vibaya tiba ikichelewa.

Australia ni nchi yenye sifa ya buibui wakali. Huko ndiko Geoffrey Isbister na Michael Gray walikowafuatilia watu 750 ambao hakukuwa na shaka yoyote kuwa wameng'atwa na buibui: mtu alimhisi mdudu, akamkamata, na mtaalamu akamtambua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Wengi walipata maumivu na wekundu wa muda, wachache wakaumwa zaidi, lakini hakuna hata mmoja kati ya wote 750 aliyepata kidonda cha kuoza ngozi. Mwaka huohuo Rick Vetter na Diane Barger walieleza habari za nyumba moja ya Kansas, Marekani, ambamo buibui 2,055 wa aina inayoogopwa kwa kuozesha nyama walikusanywa kwa miezi sita tu. Familia ya watu wanne ilikuwa ikiishi humo humo. Hakuna aliyeonekana kudhurika.

Sababu iko kwenye maisha ya mdudu mwenyewe. Buibui hanyonyi damu ya binadamu, hana haja ya kumfuata mtu kitandani. Huuma akibanwa: mguu ukiingizwa kwenye gambuti alimojificha, au mkono ukishika kiroba kilichokaa kona kwa wiki. Huuma mara moja na kukimbia. Anayeamka na alama tano zilizojipanga mstari hana sababu ya kumwaza buibui. Amtafute kunguni kwenye mishono ya godoro.

Wapo buibui wa kuheshimiwa. Mjane wa kahawia, anayepatikana sehemu nyingi za Afrika, hukaa chini ya viti, kwenye matairi na ndoo zilizoachwa. Tumboni upande wa chini ana alama ya rangi ya chungwa au nyekundu, na vifuko vyake vya mayai vina vichomozo kama miiba. Jamaa zake weusi ndio wenye sumu kali zaidi. Sumu ya kundi hili haiozeshi ngozi, inashika neva. Maumivu huanza pale palipoumwa, ndani ya saa chache yakapanda hadi tumboni na mgongoni, misuli ikakaza, jasho likatoka. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji hospitali. Wale buibui wakubwa wenye manyoya wanaochimba mashimo ardhini wanatisha zaidi kwa sura. Wakiuma panauma sana, lakini hawajulikani kwa kuua watu.

Mdudu anayestahili kujulikana zaidi Kanda ya Ziwa ni yule ambaye wengi wanamwita Nairobi fly. Si nzi. Ni mbawakawa mwembamba asiyefikia urefu wa sentimita moja: kichwa cheusi, kifua cha rangi ya chungwa, mabawa mafupi yenye mng'ao wa bluu, tumbo la chungwa, ncha nyeusi. Akitembea mkononi anafanana na chungu aliyepakwa rangi. Hang'ati wala hachomi. Sumu yake, pederini, imo kwenye maji ya mwili wake, na inatengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake. Inamwagika pale tu mtu anapompiga kofi na kumsugua.

Hapo ndipo utambuzi unapopotea, kwa sababu ngozi haiungui papo hapo. Wekundu na malengelenge hutokea siku ya pili, wakati aliyempiga kofi ameshasahau. Alama huwa ndefu kama mchirizi, zikifuata njia ya kidole kilichosugua, na pale ngozi inapokunjana, kwenye kiwiko au nyuma ya goti, upande mmoja hupiga chapa upande wa pili. Mikono ikipeleka sumu machoni, jicho huvimba na kuwa jekundu vibaya. Wadudu hawa huongezeka baada ya mvua nyingi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta wimbi kubwa nchini Kenya. Hufuata mwanga, na kambi yenye taa katikati ya giza la pori inawaita kutoka mbali. Akitua mwilini, apulizwe au asogezwe kwa karatasi. Akipasuka, sehemu hiyo ioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, na nguo na shuka zifuliwe. Kidonda hupona kwa wiki moja hadi tatu bila dawa nzito.

Malengelenge yanayofuata mstari upande mmoja wa mwili, yaliyotanguliwa na maumivu ya kuchoma kwa siku mbili tatu, ni jambo jingine: mkanda wa jeshi. Huo hauhusiani na mdudu yeyote. Unatoka kwenye kirusi cha tetekuwanga kilicholala mwilini, na kwa kijana ni sababu nzuri ya kupima VVU.

Kisha kuna majipu, ambayo pengine ndiyo yanayoongoza kwa kusingiziwa buibui duniani kote. Mwaka 2002 mahabusu wa jela ya Kaunti ya Los Angeles walilalamika kuwa buibui wanawashambulia. Uchunguzi ulikuta stafilokokasi, bakteria wa kawaida wa ngozi, wa aina sugu kwa dawa nyingi, wakienezwa kwa msongamano na kutumia taulo pamoja. Duarani hali haiko mbali na hiyo: mchubuko wa jiwe, jasho, vumbi, maji haba ya kuoga, nguo za kazi zinazobadilishwa baina ya watu. Tiba ya jipu lililoiva ni kupasuliwa na mhudumu wa afya ili usaha utoke. Kinachofanyika sana ni kununua kapsuli mbili tatu dukani, kuzifungua na kumwaga unga wake kwenye kidonda. Unga huo hauwafikii bakteria walio chini ya ngozi. Unaganda juu, unafunika usaha, na unawazoesha bakteria dawa ambayo kesho itahitajika kwa mtu mwenye nimonia.

Kidonda kimoja kinahitaji macho makali zaidi katika nchi ya wafugaji. Huanza kama kipele cha kuwasha, kikawa lengelenge, halafu kikaacha gamba jeusi katikati huku nyama ya pembeni ikivimba sana. Ajabu yake ni kwamba hakiumi. Hicho ni kimeta cha ngozi, na humpata aliyechuna, aliyebeba au aliyekata nyama ya mnyama mgonjwa au kibudu. Mwaka 2001, wakati wa mashambulizi ya barua zenye kimeta Marekani, mtoto wa miezi saba aliyepelekwa kwenye ofisi za kituo cha televisheni jijini New York alilazwa na kidonda mkononi, na madaktari wakadhani ni buibui. Alipona baada ya ukweli kujulikana. Kimeta kinatibika kwa antibayotiki za kawaida zikianza mapema, kwa hiyo swali "Ulishika nyama gani wiki hii?" lina thamani kubwa kuliko kumsaka buibui chini ya kitanda.

Hadi hapa ni alama zinazoonekana. Anayeleta hasara kubwa zaidi huenda haachi alama kabisa. Papasi ni kupe laini anayeishi kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo. Usiku hutoka, hunyonya damu ya aliyelala kwa nusu saa hivi, kisha hurudi kwenye ufa. Mtu hahisi kitu. Robert Koch aliwakuta papasi mwaka 1905 kwenye vibanda vya kulala wapagazi kando ya njia za misafara ya Tanganyika ya leo, akaonyesha kuwa vijidudu vya homa vinapita hata kwenye mayai ya papasi, yaani watoto wao huzaliwa wakiwa nao. Mwaka huohuo Joseph Dutton, Mwingereza aliyekuwa akichunguza ugonjwa huo huko Kongo, alifariki akiwa kazini. Kijidudu hicho, Borrelia duttonii, kina jina lake.

Homa ya papasi huanza wiki moja hivi baada ya kuumwa. Joto hupanda ghafla, kichwa na viungo vinauma, kisha baada ya siku tatu nne homa inaondoka na mgonjwa anarudi kazini akijiona mzima. Wiki ikipita, inarudi. Mtu yeyote Shinyanga au Geita ataiita malaria, na hapo pana mtego: kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu kwenye kikasha cha plastiki, hakiwezi kuiona. Inaonekana kwa hadubini, mtaalamu wa maabara akitazama damu iliyotolewa homa ikiwa juu. Homa inayokwenda na kurudi huku kipimo cha malaria kikisema hakuna, kwa mtu anayelala kwenye nyumba ya udongo, ni sababu tosha ya kuomba damu iangaliwe kwa hadubini. Dawa zake, kama doksisaiklini au penisilini, ni za bei nafuu, ila dozi ya kwanza itolewe mgonjwa akiwa chini ya uangalizi, maana vijidudu vikifa kwa wingi homa inaweza kupanda na shinikizo la damu kushuka. Mjamzito asisubiri hata siku moja, kwa kuwa ugonjwa huu huharibu mimba.

Shinyanga ina historia yake na mdudu mwingine, mbung'o. Charles Swynnerton alikuwa na makao ya utafiti wa mbung'o hapo Shinyanga katika miaka ya 1930, na aina moja ya mbung'o, Glossina swynnertoni, imepewa jina lake. Malale, ugonjwa anaoueneza mbung'o, ni nadra leo. Lakini mchimbaji au mrina asali aliyetoka misitu ya Kigosi na Moyowosi akiwa na uvimbe mgumu unaouma, kisha homa, aseme alikotoka. Tangu 2024 Shirika la Afya Duniani linapendekeza feksinidazoli, dawa ya vidonge, kwa malale ya Afrika Mashariki.

Hali tatu hazingoji mjadala. Ya kwanza ni mzio mkali, hasa baada ya nyuki au nyigu: uso kuvimba, vipele mwili mzima, kukosa pumzi, kuzirai, yote ndani ya dakika chache. Tiba ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, nayo imo kwenye orodha ya dawa muhimu duniani. Wakati wa kukimbizwa kituoni mgonjwa alazwe, asisimamishwe. Akishindwa kupumua, akalishwe. Miiba ya nyuki ing'olewe upesi kwa njia yoyote, kwani inaendelea kusukuma sumu.

Ya pili ni nge kumchoma mtoto mdogo. Nge mwenye mkia mnene na magando membamba ndiye wa kuogopwa. Mtoto akitokwa na mate mengi, akirusharusha macho au kupumua kwa shida, ni hospitali.

Ya tatu ni nyoka ambaye hakuonekana. Swila huingia vibandani usiku na kuwauma waliolala, na matundu mawili ya vitabuni mara nyingi hayaonekani. Aliyeumwa gizani, na uvimbe unapanda kutoka kifundo hadi gotini ndani ya saa chache, au fizi zinavuja damu, au kope zinashuka, achukuliwe kuwa ameumwa na nyoka mpaka ithibitike vingine. Asifungwe kamba ya kubana damu, asichanjwe, asiwekewe jiwe jeusi. Kiungo kitulizwe kwa kufungiwa kipande cha mti, pete na viatu vivuliwe mapema, apakiwe kwenye chombo cha kwanza kinachopatikana. Kutoka Mwakitolyo, rufaa za kawaida ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Shinyanga au Bugando, Mwanza, na safari hiyo ianze mapema.

Kwa uvimbe wa kawaida usio na dalili hizo, kazi ni ndogo: maji na sabuni, kitambaa cha maji baridi, parasetamo kwa maumivu, setirizini kwa kuwasha, na kucha fupi ili pasikwaruzwe. Mpaka wa wekundu uchorwe kwa kalamu ya wino na saa iandikwe pembeni. Kesho yake wekundu ukiwa umevuka mstari, au homa imeingia, mgonjwa aende zahanati, akaulize pia kama chanjo yake ya pepopunda bado inamlinda.

Na akienda, abebe ushahidi. Mdudu aliyeuawa awekwe kwenye chupa ya maji iliyokauka, au apigwe picha kwa simu, ila nyoka asifuatwe. Kama hakuna aliyemwona, mgonjwa amweleze mganga hivyo hivyo: alilala wapi, aliamka saa ngapi, alishika nini juzi, na uvimbe ulikuwa na ukubwa gani jana jioni.